Watu wa video za motokari: tele itawapokea, lakini itawasikiliza?

Katika makambi yetu, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, vijana wakitoka posti ya usiku hawawashi tena televizyo. Wananunua mega kidogo, wanafungua telefone, wanaangalia bwana mmoja anayezunguka motokari na kamera mkononi. Anafungua kapo, anapiga magoti aone chini, anaonyesha fasi yenye kutu, anasema bei, anasema kama mwenye kununua ataibiwa. Kisha mbishano unaanza. "Uyu mutu anayua motokari kupita bale ba ku tele. Juu ya nini habamuitake kule?" Mwingine anajibu: "Bakimuita atapotea. Telefone ni kintu ingine, tele ni kintu ingine."

Sisi wa sendika tunauchukua mbishano huu kama jambo la kazi, haiko mchezo. Ndani yake kuna swali ambalo kila mfanyakazi analijua: mtu aliyejifunza kazi kwa mikono yake, akajulikana bila kupita kwa bakubwa, anaweza kuingia katika nyumba kubwa na kufaulu? Na akiingia, nyumba ile itamsikiliza, au itamtumia tu? Fundi wa Hilux anajiuliza hivyo. Shoferi wa benne anajiuliza hivyo.

Jibu letu tunalitoa mapema. Ndiyo, mtu wa intaneti anaweza kufaulu kwenye tele kubwa, na tuko na mfano. Lakini mfano ule ule unaonyesha kwamba akili ya kazi haitoshi kama mwenye akili ile hana nguvu ya kusema "simama" na watu wakasimama.

Mfano wenyewe uko Uingereza, kwenye emisyo ya BBC inayoitwa Top Gear. Ilianza mwaka 1977, emisyo ndogo ya mkoa mmoja, ya kupatia watu mashauri juu ya motokari ya kununua. Mwaka 2001 ilifungwa. Mwaka 2002 ikafufuliwa na Jeremy Clarkson pamoja na rafiki yake wa masomo Andy Wilman, ambaye yeye alikaa nyuma ya kamera. Richard Hammond alikuwemo, na mwaka 2003 James May akaingia. Hawa watatu walibishana, walicheka, walivunja motokari, walisafiri mbali. Kitabu cha Guinness cha mwaka 2013 kiliihesabu kuwa emisyo ya mambo ya kweli inayoangaliwa na watu wengi kupita zote duniani.

Mwezi wa tatu 2015 Clarkson alimpiga mtengenezaji mmoja wa emisyo, juu ya habari ya chakula cha jioni. BBC haikumpa tena kontra. Hammond na May wakaondoka naye. Tunasema wazi: pale BBC ilifanya vizuri. Staa akimpiga mfanyakazi, anayetoka ni staa. Kwetu mara ngapi tumeona kinyume, sefu anamtukana mtu mbele ya ekipe nzima, na kesho anayehamishwa ni yule aliyetukanwa?

Sasa BBC ilibaki na jina kubwa na viti vitupu. Ilijaza viti vile kwa njia mbili, na hizo njia mbili njo zinajibu swali la vijana wetu.

Njia ya kwanza ilikuwa kuita jina kubwa. Walimchukua Chris Evans, mtu wa redio na tele aliyejulikana na Waingereza wote. Walimuongezea Matt LeBlanc, mchezaji wa Friends kutoka Marekani. Mwezi wa tano 2016 emisyo ya kwanza iliangaliwa na watu karibu milioni 4.4 usiku ule. Ya mwisho ya msimu ule, watu milioni 1.9. Mwezi wa saba Evans alijiuzulu. Alipenda motokari sana, alikuwa nazo za bei ya juu, na sauti yake ilikuwa kubwa. Lakini mwenye kupenda motokari na mwenye kazi ya motokari ni watu wawili.

Njia ya pili ilikuwa kuita watu wa video. Chris Harris alikuwa mwandishi wa gazeti la motokari Autocar kwa miaka, kisha akahamia YouTube, akatengeneza video zake mwenyewe, watu wakamfuata. Rory Reid naye alikuwa akifanya video za motokari kwenye intaneti. BBC ilipofungua mlango kwa watu wote wajijaribu mbele ya kamera, yeye aliingia kwa mlango ule. Mwanzoni wote wawili waliwekwa pembeni, katika emisyo ndogo ya nyongeza. Evans alipoondoka, walipandishwa kukaa na LeBlanc katika emisyo yenyewe. Na Harris alibaki pale kutoka 2016 mpaka mwisho, mwaka 2022. Majina makubwa yalikuja na kwenda, mtu wa video akabaki.

Juu ya nini alibaki? Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza, alikuwa na kazi mikononi. Aliweza kuendesha motokari ya nguvu kwa mbio huku akieleza kinachotokea kwenye magurudumu, na mtu asiyejua kitu akaelewa. Hicho hakifundishwi kwa wiki mbili. Ni kama kaka zetu wa forage: ukimsikia anavyosikiliza mashine, unajua amekaa nayo miaka.

Ya pili, hakujifanya Clarkson. Watu wengi wakipewa kiti cha mwingine wanaanza kuvaa sauti ya yule aliyetoka. Watazamaji wanasikia haraka.

Ya tatu, alipata ekipe. Hapa vijana wetu wanasahau kitu. Kwenye telefone mtu anaonekana yeye peke yake, basi tunafikiri ni yeye peke yake anafanya yote. Tele ni kazi ya watu wengi: wenye kamera, wenye sauti, mwenye kuandika, mwenye kukata picha, mwenye kuomba ruhusa ya barabara. Hata siri ya Clarkson nusu yake ilikuwa Wilman, ambaye watazamaji hawakumuona. Mtu wa video aliyezoea kuamua yote peke yake, asipojifunza kufanya kazi na ekipe, tele itamshinda hata kama anajua injini yote.

Kuna jambo la muda pia. Kwenye intaneti mwenye kutaka kununua motokari anaitafuta video mwenyewe, atavumilia dakika ishirini za mtu anayeeleza giya na matumizi ya esansi. Kwenye tele kuna baba, mama, bibi na mtoto katika chumba kimoja, na rimoti iko mkononi mwa asiyependa motokari. Kwa hiyo tele inakata maelezo, inaweka kicheko na mashindano. Mtu wa video anaposema "tele iliniharibu", mara nyingi ni hapo: walimuita juu ya maarifa yake, kisha wakamwambia maarifa yapunguzwe.

Tena haiko lazima kwenda. Mmarekani Doug DeMuro alijulikana kwa kuzunguka motokari moja moja akionyesha vitu vidogo ambavyo wengine hawavioni. Mwaka 2020 alianzisha Cars & Bids, soko la mnada wa motokari kwenye intaneti, na mwaka 2023 kampuni moja ya uwekezaji iliweka humo dola milioni 37. Huyo hakuhitaji kiti cha tele. Na kinyume chake, Clarkson na wenzake walipojaribu kuanzisha mahali pao pa intaneti mwaka 2016, panaitwa DriveTribe, tovuti ile ilifungwa mwaka 2022, zikabaki video. Wakati huo emisyo yao mpya kwa Amazon ilikuwa inaendelea vizuri. Basi hata mkubwa wa tele anaweza kujikwaa kwenye intaneti. Kila shimo liko na ngazi yake.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, Harris alifaulu, habari imekwisha. Kwetu sisi wa mine habari inaanza sasa.

Mwaka 2019 BBC ilibadilisha tena. Harris alibaki. Reid, mtu wa video, alirudishwa kwenye emisyo ndogo ya pembeni. Nafasi zilipewa Paddy McGuinness, mchekeshaji wa tele, na Andrew Flintoff, aliyekuwa mchezaji mkubwa wa kriketi. Watazamaji waliwapenda, hatukatai. Mwaka 2020 emisyo ilipelekwa kwenye shene ya kwanza ya BBC. Lakini tuangalie hesabu: kati ya watu watatu, ni mmoja tu aliyekuwa na kazi ya kuendesha motokari za mbio. Wengine wawili walikuwa watu jasiri. Na ujasiri mahali pa hatari si sawa na maarifa, kila mfanyakazi wa chini ya ardhi anajua.

Emisyo ile ilikuwa tayari na historia. Mwezi wa tisa 2006 Hammond alianguka na motokari yenye injini ya jeti, katika mbio zaidi ya kilometa 450 kwa saa, akaumia ubongo, akapona. Mwezi wa tisa 2019 Flintoff alianguka na pikipiki ya magurudumu matatu kwenye uwanja ule ule, akatoka mzima. Katika mine tuko na jina la jambo kama hilo la pili: presque-accident. Mtu ametoka mzima, watu wanacheka, wanampiga bega, kazi inaendelea. Na sisi tunajua kwamba presque-accident ni barua. Asiyeisoma atapewa ya pili, na ya pili haiandikwi kwa wino.

Ya pili ilikuja tarehe 13 mwezi wa 12, 2022, kwenye uwanja wa Dunsfold. Flintoff alikuwa katika motokari ya wazi ya magurudumu matatu, bila kaske. Ilipinduka. Aliumia uso na mbavu, na alikaa muda mrefu bila kuonekana mbele ya watu. Magazeti ya kule yaliandika kwamba alilipwa pauni milioni 9. Mwezi wa 11 mwaka 2023 BBC ilitangaza kwamba emisyo haitarudi kwa wakati unaoonekana.

Kisha, mwaka 2024, Harris alisema hadharani kwamba miezi mitatu mbele ya ajali alienda kwa wakubwa wa BBC akawaonya: kama hamtabadilisha kitu, mtu atakufa kwenye emisyo hii. Ni maneno yake mwenyewe, tunayachukua kama yake. Kwa upande mwingine, BBC ilifanyisha uchunguzi na watu wa nje, ukasema kwamba sheria za nyumba zilifuatwa, lakini kuna mafundisho makubwa ya kuchukua.

Tusome hiyo mara mbili. Sheria zilifuatwa, na mtu akavunjika uso. Mara ngapi tumesikia ripoti ya namna ile? Karatasi zimesainiwa, kikao cha asubuhi cha sekirite kilifanyika, alama iliwekwa mahali, na ndugu yuko hospitali. Karatasi inaweza kuwa safi na mahali pa kazi pakawa pachafu. Kama mwenye ujuzi anasema hapa patatokea kifo, na hakuna mtu mwenye kazi ya kusimamisha mambo mpaka neno lake lipimwe, karatasi inafunika tu.

Njo maana tunasema swali la vijana liko nusu. "Wanaweza kufaulu kwenye tele?" Ndiyo. Lakini tuongeze: "Wakifika kule, neno lao litakuwa na uzito gani?" Tele ilimpa Harris kamera nzuri, pesa, jina duniani kote. Siku alipotumia kile kile walichomuitia, maarifa yake, kwa kuwaambia kuna hatari, kama anavyosema mwenyewe, alibaki na neno lake mkononi. Mtu anaweza kukalishwa mezani na asipewe kijiko.

Tusidanganyike kwamba nje ya tele ni uhuru mtupu. Mtu wa video peke yake hana delege. Akiumia, hakuna anayemlipa siku za kulala. Sefu wake ni mashine inayohesabu watazamaji, na mashine ile inapenda hatari kupita BBC: video ya motokari inayopinduka itaangaliwa na wengi kupita video ya motokari inayofika salama. Wengine wanaendesha kwa mbio barabarani, penye watoto, juu ya hesabu hiyo. Tena motokari anayoijaribu mara nyingi ameazimwa na mwenye kuiuza, na hoteli na ndege zimelipwa na mwenye kuiuza. Sisi Wakongo hatuhitaji kufundishwa hiyo ni nini. Ni coupage yenye rangi nzuri. Kwa hiyo wakati mwingine tele, iliyo na sheria zake na watu wa kuiuliza, ingekuwa bora kwake, kama ingekuwa tayari kusikia.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi kupita Waingereza. Motokari zinazoongelewa zaidi sasa, kwenye tele na kwenye telefone, ni za umeme. Mwenye kamera anasema itaenda kilometa ngapi, itajaa kwa dakika ngapi, itatoka mbio namna gani. Nyingi za betri hizo ziko na kobalti, na zaidi ya sehemu saba kwa kumi za kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, yaani Kolwezi, Fungurume, Likasi, fasi ambazo msomaji wetu anazijua kwa miguu. Anayefungua kapo mpaka mwisho angetukuta sisi pale chini. Mara nyingi hafiki. Anaonyesha ngozi ya viti, anaeleza ilishonwa na nani, na udongo uliotoa betri hautajwi. Hatumlaumu mmoja mmoja. Lakini tunajiuliza kama yule atakayeeleza motokari ya umeme vizuri kupita wote hatatoka kwetu: kijana wa Kolwezi, mtoto wa mchimbaji, anayejua injini na anajua mawe.

Hapo tunarudi nyumbani, kwa wenye tele zetu, RTNC na stesheni za mikoa yetu. Mafundi wetu vijana wanajaza telefone na video: namna ya kujua Toyota iliyogongwa kule ilikotoka kabla ya kuvuka Kasumbalesa, namna ya kutambua mazuti iliyochanganywa, namna ya kuangalia breki mbele ya kushuka mlima na mzigo. Hiyo inaokoa pesa ya familia, na breki zinaokoa roho. Lakini wakigonga mlango wa stesheni, jambo la kwanza wanaloulizwa mara nyingi ni watalipa ngapi ili wapate nusu saa. Ni kinyume. Mwenye maarifa alipwe, asilipe.

Tunaomba mambo matatu, na si makubwa. Stesheni ichukue fundi mmoja aliyejulikana kwa video zake, impe saa moja kwa wiki, kwa kontra iliyoandikwa. Imuache aseme kwa Kiswahili chetu, kile ambacho mama wa sokoni na shoferi wa taxi-bus wanasikia, asilazimishwe Kifaransa cha kukunja shingo. Na katika kontra ile kuwe mstari mmoja: akisema kazi hii iko na hatari, kamera zinazimwa mpaka jambo liangaliwe, na mshahara wake haukatwi.

Mstari huo haukutoka hewani. Sheria yetu ya kazi, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mahali pa kazi pawe na komite ya usalama na usafi. Stesheni ya tele ni mahali pa kazi. Uwanja wa kupigia picha motokari ni mahali pa kazi. Na shimo letu ni mahali pa kazi. Delege anayekaa katika komite ile kwa kusaini orodha tu, anakula premi na kurudi nyumbani, hana tofauti na wale walioambiwa miezi mitatu mbele.

Kwa vijana wanaopiga video tunasema: endeleeni. Jifunzeni kazi kwanza, kamera baadaye, maana Harris alianza na kazi. Msifukuze mbio juu ya watazamaji. Siku mtakapoitwa kwenye tele, msiulize tu mtalipwa ngapi na sura yenu itaonekana saa ngapi. Ulizeni nani atasimamisha kazi mkisema simama. Kama hakuna jina la mtu huyo, msisaini bado.

Na kwa wasomaji wetu wa mine: wiki hii, kwenye kikao cha asubuhi kabla ya posti, ulizeni swali lile lile.